Historia ya Kuyafuata Maradhi kwa Maneno ya Watu

Mwaka 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde, Jimbo la Kusini la Tanganyika, ilizuka homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo makali hata mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kusimama wima, nayo ikapita nyumba hadi nyumba na kijiji hadi kijiji. Tabibu Marion Robinson wa hospitali ya misheni ya Lulindi aliwachunguza wagonjwa na kuziandika dalili zao. Kutoka Entebbe, Uganda, ilikokuwako taasisi ya uchunguzi wa virusi, akaja W. H. R. Lumsden kutafuta habari za mbu na njia za maambukizo; na maelezo kamili ya maradhi hayo, ambayo leo dunia nzima huyaita chikungunya kwa jina yalilopewa na Wamakonde wenyewe, yakachapwa London mwaka 1955. Baina ya siku mwanamke wa Newala alipomwambia jirani yake kisimani kwamba nyumbani kwake wote wamelala, na siku msomaji wa Ulaya alipofungua jarida na kuyasoma hayo hayo kwa lugha ya kitabibu, ilipita miaka mitatu.

Haikuwa ajabu kwa zama zile. Habari ya maradhi daima imetangulia kusemwa kabla ya kuandikwa, na imetangulia kuandikwa kabla ya kusadikiwa na wenye amri. Na katika mwanya huo baina ya kusemwa na kusadikiwa ndimo maradhi yanamopata nafasi ya kusafiri. Ninayotaka kusimulia hapa ni juhudi za watu wa zama zetu za kuuziba mwanya huo kwa kuyategea sikio maneno ambayo watu huyaandika katika intaneti: maswali wanayoiuliza mitambo ya kutafutia habari usiku wa manane, malalamiko wanayoyatupa katika mitandao ya kijamii, na tetesi za magazeti madogo yasiyosomwa nje ya miji yao.

Taasisi ile ile ya Entebbe iliwahi kuwa na mtaalamu wa Kiingereza, John Payne Woodall, ambaye wenzake walimwita Jack, aliyekuwa miongoni mwa walioitambulisha virusi ya homa ya Kongo kwa ulimwengu wa elimu mwaka 1967. Mtu aliyefanya kazi mahali ambapo sampuli ya damu husafiri siku nyingi kabla ya kufika maabara hujua thamani ya habari inayowahi. Mwaka 1994, yeye pamoja na Stephen Morse na Barbara Hatch Rosenberg walianzisha huduma iliyoitwa ProMED, ambayo kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: tabibu, daktari wa mifugo au mwandishi wa habari popote alipo alipeleka barua pepe kueleza alichokiona au alichokisikia, wahariri wenye ujuzi wakaipima habari hiyo, wakaiongezea maelezo na maswali, kisha wakaieneza bila ya malipo kwa kila aliyejiandikisha. Hapakuwa na ruhusa ya waziri iliyongojwa. Serikali ambazo kwa desturi ziliificha tauni au kipindupindu kwa kuhofia biashara na wageni zikajikuta hazina tena mlango wa kufunga.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, serikali ya Kanada ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani ilianza kuujaribu mtambo ulioitwa GPHIN, ambao ulipekua magazeti ya dunia usiku na mchana ukitafuta maneno yanayoashiria maradhi. Mtambo huo ulifikwa na mtihani mkubwa mwezi wa Novemba 2002, uliponasa habari za Kichina zilizosema kwamba kuna homa isiyo ya kawaida katika jimbo la Guangdong. Sikio lilikuwa limesikia. Lakini habari hiyo ilipelekwa kwa wakubwa ikiwa kichwa chake tu ndicho kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, na mwili wake umebaki katika Kichina, nayo ikapita kama zipitavyo habari nyingine za mafua ya majira ya baridi. Tarehe 10 Februari 2003 ProMED ilitangaza swali la tabibu mmoja wa Marekani aliyekuwa ameletewa uvumi kutoka Guangzhou kwamba hospitali zimefungwa na watu wanakufa, akiuliza kama yuko mtu anayejua lolote. Hiyo ndiyo iliyokuwa SARS, ambayo kabla ya kukoma iliingia katika nchi zaidi ya 25 na kuua watu wasiopungua 770.

Baada ya SARS hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu kwamba uvumi una faida. Suala likawa ni uvumi upi, na wa nani. Gunther Eysenbach, mtaalamu wa Toronto, alikuwa na fikira kwamba mtu mgonjwa, kabla hajavaa viatu kwenda kwa tabibu, huiuliza kompyuta yake kwanza, na kwamba maswali hayo, kama yangehesabiwa, yangetangulia hesabu za hospitali. Lakini maswali yalikuwa mali ya Google, na Google haikuyatoa kwa watu wa nje. Hapo Eysenbach akabuni hila ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika historia hii, kwa uchache wa gharama yake na werevu wa fikira yake: katika msimu wa mafua wa 2004 na 2005 alinunua tangazo katika Google, kama anunuavyo muuza viatu, likamtokea kila mtu wa Kanada aliyetafuta habari za mafua, likimuuliza kama ana mafua, na aliyelibonyeza akapelekwa kwenye ukurasa wa mawaidha ya afya. Tangazo lilionekana mara 54,507 na likabonyezwa mara 4,582. Gharama yake yote haikufika dola 400 za Kanada. Na mibonyezo hiyo ilipowekwa kando ya hesabu za wagonjwa wa mafua wa wiki iliyofuata, mistari miwili ilipanda na kushuka karibu sawasawa. Muuza matangazo alikuwa amempa mtafiti, bila ya kukusudia, kile ambacho mwenye hazina alikuwa amemnyima.

Wenye hazina nao hawakukawia. Mkuu wa Google.org, tawi la hisani la kampuni hiyo, alikuwa tabibu Larry Brilliant, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa pamoja na wale walioifuta ndui katika India, kazi iliyofanywa kwa miguu, wafanyakazi wakipita mlango kwa mlango na sokoni, mkononi wana kadi yenye picha ya mtoto mwenye vipele vya ndui, wakimuuliza kila wanayekutana naye kama amepata kumwona mtu wa namna hii. Mtu aliyeyaona hayo hakuhitaji kuelezwa kwamba swali moja likiulizwa mara nyingi ni dawa. Chini ya kivuli chake, wahandisi Jeremy Ginsberg na Matthew Mohebbi, pamoja na wataalamu wengine, mmoja wao akiwa ni wa CDC, idara ya serikali ya Marekani ya kudhibiti maradhi, walichukua maswali milioni 50 yaliyokuwa mashuhuri kuliko mengine katika Marekani, wakalilinganisha kila moja na hesabu za CDC za wagonjwa wa mafua katika majimbo yaliyogawanywa mafungu tisa, wakijaribu jumla ya mifano ya kihesabu milioni 450, hata wakabakiwa na maswali 45 yaliyopanda mafua yalipopanda na kushuka yaliposhuka. Hesabu za CDC zilitegemea matabibu waliopeleka taarifa za wagonjwa wao, zikachelewa wiki moja au mbili; hesabu ya Google ilikuwa tayari baada ya siku moja. Mwezi wa Novemba 2008 huduma hiyo ilitangazwa kwa jina la Google Flu Trends, na Februari 2009 makala yake ikatoka katika jarida la Nature. Kabla ya hapo kidogo, Philip Polgreen na wenzake wa Iowa walikuwa wametoa habari kama hizo kwa kutumia maswali ya Yahoo, lakini ni ya Google iliyoijaza dunia.

Katika makala hiyo hiyo ya fahari palikuwa na tanbihi ndogo ambayo wasomaji wengi waliipita bila ya kusimama. Miongoni mwa maswali yaliyokaribia kuchaguliwa, mtambo uliokota habari za mpira wa kikapu wa shule za sekondari, kwa kuwa mchezo huo na mafua yote mawili yana msimu mmoja, nao ni wa baridi. Swali hilo halikuingia katika yale 45. Lakini lilikuwa linasema, kwa anayetaka kusikia, kwamba mtambo haujui mafua ni nini. Unajua tu nini huja pamoja na nini.

Mwezi wa Aprili 2009, virusi mpya ya mafua, H1N1, ilizuka Mexico na Marekani katika majira ya kuchipua, ambayo si majira ya mafua, nayo Google Flu Trends ikatoa makadirio ya chini kuliko ukweli, kwa sababu ilikuwa imejifunza sehemu ya baridi pamoja na sehemu ya homa. Ikarekebishwa Septemba ya mwaka huo. Ndipo ukaja msimu wa 2012 na 2013. Mafua ya mwaka huo yalikuwa makali kweli. Tarehe 9 Januari 2013 mji wa Boston ulitangaza hali ya dharura ya afya, magazeti na televisheni hazikuwa na habari nyingine, na watu kwa mamilioni, wenye homa na wasio na homa, wenye wagonjwa nyumbani na wenye khofu tu, wakaketi kuiuliza Google. Mtambo ukaihesabu khofu kuwa maradhi. Makadirio yake ya kilele cha msimu yalikaribia mara mbili ya hesabu za CDC.

Mvuvi wa pwani yetu huwatazama ndege wa baharini ajue lilipo kundi la samaki, na mara nyingi hawamdanganyi. Lakini ndege hukusanyika vile vile juu ya taka zilizotupwa na meli, na mvuvi asiyeshusha wavu ajaribu, akaenda mjini kuuza samaki aliowakadiria kwa ndege, atawadanganya wanunuzi wake. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Machi 2014 David Lazer na wenzake watatu walionyesha katika jarida la Science kwamba tangu Agosti 2011 Google Flu Trends ilikuwa imekadiria zaidi ya kiasi katika wiki 100 miongoni mwa 108, na kwamba mtu ambaye angechukua hesabu za CDC zilizochelewa, akazinyosha mbele kwa kanuni ya kawaida, angeukaribia ukweli kuliko mtambo wenye maswali mamilioni. Waliongeza hoja nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: Google ilikuwa ikibadilisha njia za utafutaji wake kila mara kwa ajili ya biashara, ikimpendekezea mtu maneno hata kabla hajamaliza kuandika, hivi kwamba maswali yaliyohesabiwa hayakuwa tena ya mgonjwa peke yake bali ya mgonjwa na kampuni kwa pamoja. Tena maswali yale 45 hayakupata kutangazwa yote, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa nje aliyeweza kuikagua hesabu. Agosti 2015 huduma ilifungwa, na data zake wakakabidhiwa watafiti wachache.

Wako waliofurahi kuona jabari limeanguka. Mimi sioni la kufurahia. Google Flu Trends haikuanguka kwa sababu maneno ya watu ni ya uongo; ilianguka kwa sababu iliachwa iende peke yake, bila ya kurudishwa wiki kwa wiki kwenye kitanda cha mgonjwa na daftari la tabibu. Mauricio Santillana na wenzake walidhihirisha jambo hilo mwaka ule ule wa 2015, walipoyachanganya maswali ya Google na hesabu za CDC zilizokuwa zikiwajia, mtambo ukijisahihisha kila wiki, wakapata makadirio bora kuliko yale ya Google yenyewe.

Wakati huo mitandao ya kijamii ilikuwa imekwisha kuingia katika kazi hiyo hiyo. Huko Haiti, kipindupindu kilipozuka Oktoba 2010 baada ya tetemeko la ardhi la Januari, Rumi Chunara, Jason Andrews na John Brownstein walizikusanya jumbe za Twitter na habari za magazeti za siku mia za mwanzo, wakaona kwamba zilikwenda sambamba na hesabu za wizara na zingeweza kupatikana hata wiki mbili kabla yake. Wengine walijifunza kuutenganisha ujumbe wa anayesema ameshikwa na mafua na ule wa anayesema anayaogopa. Zilikuwa hatua njema, ingawa kila mara palibaki suala la wale wasio na simu, ambao katika Haiti walikuwa wengi, na ambao kipindupindu kiliwaua kwanza.

Brownstein huyo ndiye aliyeanzisha HealthMap pamoja na Clark Freifeld mwaka 2006, mtambo wa Boston unaochora maradhi ya dunia katika ramani kwa kuokota habari za intaneti. Tarehe 14 Machi 2014 HealthMap ilinasa habari za homa ya kutoka damu isiyojulikana katika Macenta, kusini mwa Guinea, na Shirika la Afya Duniani halikutangaza Ebola hadharani mpaka tarehe 23 Machi. Siku tisa hizo zilisifiwa duniani kote kama ushindi wa mtambo. Hata hivyo insafu yataka isemwe kwamba wizara ya afya ya Guinea yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari tarehe 13 Machi, na magazeti ya Kifaransa ya Conakry ndiyo yaliyobeba habari. Na kwamba mtoto wa Meliandou, aliyekuwa mgonjwa wa kwanza, alikuwa amekufa tangu Desemba, naye hakuwa na mtu wa kuandika habari zake katika lugha yoyote. Uvumi wa misituni ulidumu miezi mitatu midomoni mwa watu kabla ya kufika penye waya.

Ndiyo maana naona kuwa sura iliyo bora katika historia hii, ingawa haina umashuhuri wa ile ya Google, iliandikwa upande wetu wa dunia. Zanzibar, baada ya malaria kupungua sana kwa vyandarua, dawa mseto na kupiga dawa majumbani, ilikabiliwa na khatari kwamba maradhi yangerudi bila ya kujulikana, kwa maana palipo na wagonjwa wachache hakuna anayeshtuka. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vikaanza kutumia simu ya mkononi. Muuguzi, wiki inapokwisha, hulifungua daftari, akahesabu waliokuja kwa maradhi yote, waliopimwa malaria na waliokutwa nayo, walio chini ya miaka mitano mbali na waliozidi hapo, akazibonyeza tarakimu hizo katika simu ya kawaida, nazo zikafika makao makuu papo hapo; idadi ikipanda kuliko ilivyozoeleka katika kituo hicho, watu hutumwa kwenda kutazama. Wakati uo huo Andrew Tatem na wenzake walizitazama simu 770,369 za kampuni ya Zantel katika miezi mitatu ya mwisho ya 2008, bila ya majina ya wenyewe, wapate kujua nani huvuka bahari na kukaa bara kwa muda gani. Wakaona kwamba safari nyingi zaishia Dar es Salaam kwa siku chache, na kwamba khatari kubwa wailetao ni wakaazi wachache wanaokwenda mbali zaidi, wakakaa sana, kisha wakarudi. Kenya nako, kwa simu zipatazo milioni 15 za mwaka 2008 na 2009, Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao waliifuata njia ya malaria kutoka mwambao wa Ziwa Viktoria mpaka Nairobi, mji ambao hupokea vimelea vingi kutoka kwa wasafiri kuliko vile unavyozaa.

Mtu atasema kuwa kuzihesabu simu za watu ni kuwachungulia, na khofu hiyo ina haki yake. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maswali milioni 20 ya watu wapatao 650,000, majina yakiwa yamefutwa, na kabla ya siku nyingi kupita waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja kwa maswali yake tu, wakamfikia nyumbani. Mwenye kuiuliza kompyuta juu ya maradhi yake huuliza asichomwambia hata jamaa yake.

Njia ya Morogoro imeikwepa khatari hiyo kwa kumwomba mtu aseme kwa hiari. Wataalamu wa SACIDS, kituo cha kufuatilia maradhi ya kuambukiza kilichoko Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walitengeneza programu iitwayo AfyaData, ambayo kwayo wahudumu wa vijiji, wakiwamo wa jamii za wafugaji, hupeleka kwa simu habari za homa za watu na vifo vya mifugo pamoja, simu ikiihifadhi taarifa mpaka ipate mtandao. Miongoni mwa waliowasaidia alikuwamo Mark Smolinski, ambaye jina lake lilikuwa katika makala ile ya Google ya 2009.

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2019, tabibu Li Wenliang wa Wuhan aliwaandikia wenzake waliosoma pamoja, katika mtandao wa WeChat, kwamba hospitalini kwao wamelazwa wagonjwa wenye maradhi yaliyofanana na SARS. Picha za ilani za idara ya afya ya mji zikaenea katika mitandao. HealthMap ikatoa ishara siku hiyo, na wahariri wa ProMED, baada ya kuzilinganisha habari, wakatangaza wakiomba maelezo zaidi. Kesho yake ofisi ya Shirika la Afya Duniani iliyoko China iliiona taarifa ya idara ya afya ya Wuhan, na mtambo wa shirika hilo ukaliokota tangazo la ProMED. Tarehe 3 Januari polisi walimwita Li, wakamtilisha saini karatasi ya onyo. Tarehe 7 Februari alikufa kwa maradhi aliyowatajia rafiki zake. Mtambo wa Kanada, ule uliosikia habari za Guangdong kabla ya wote, ulikuwa umenyamazishwa na wakubwa wake wenyewe: tahadhari zake kwa dunia zilikuwa zimekoma tangu Mei 2019, na hazikurudi mpaka Agosti 2020.

Yaliyofuata baada ya janga la UVIKO-19 ni habari ya milango kufungwa. Mwaka 2023 Twitter ilikomesha ruhusa ya bure ambayo kwayo watafiti walizisoma jumbe zake, ikadai malipo ambayo vyuo vingi havina. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ikakifunga CrowdTangle, chombo cha kufuatia yanayosemwa katika Facebook. ProMED nayo, ikiwa imeishiwa fedha, ilitangaza Julai 2023 kwamba itawatoza ada wasomaji wake. Mwezi uliofuata wahariri wake, mabingwa wa maradhi ya watu, wanyama na mimea kutoka nchi mbalimbali, ambao malipo yao yalikuwa madogo na tena yamecheleweshwa kwa miezi, waliandika barua ya hadharani wakaacha kazi kwa mgomo, wakidai wapatiwe haki yao na huduma itafutiwe mlezi mwingine atakayeweza kuitunza.